Uliza Bwana Shamba: hii dawa ya nano inatibu nyanya zinazonyauka kweli?

Wasomaji wangu wa Mtwara na Lindi, safari hii karibu maswali yote yamekuja na neno moja, nano, yaani dawa iliyovunjwa kuwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Mnauliza kuhusu dawa mpya zinazotengenezwa kwa majani, maganda ya kamba, mpaka mafuta ya ganda la korosho, eti zinaua bakteria wa mimea. Mi hizi dawa nazifuatilia kwa hamu na naamini zitatusaidia, ila zitatusaidia kama tunajua zinafanya kazi wapi na wapi haziwezi kitu. Swali la kwanza nimelipa nafasi kubwa kwa sababu ndo linaloumiza watu wengi sa hivi.

Bwana shamba shikamoo. Nalima nyanya na bilinganya hapa Mikindani kwa maji ya kisima. Nyanya zangu jua likiwa kali zinalala, jioni zinaamka, kesho zinalala tena, afu baada ya siku chache zinakufa zikiwa kijani vile vile. Nimepiga dawa ya ukungu, nimepiga ya wadudu, wapi. Sasa kijana mmoja wa dukani kaniambia kuna dawa ya nano ya asili inaua bakteria wote, ila chupa bei yake imechangamka. Ninunue? Mama wa bustani, Mikindani

Marahaba mama, na pole sana, maana umepalilia, umechota maji kisimani, mche umeanza kuzaa, afu unalala mbele ya macho yako, inauma. Hela yako ishikilie kwanza. Kabla ya dawa yoyote tujue anayeua nyanya ni nani, na hilo unaweza kulipima mwenyewe leo jioni bila maabara.

Chukua glasi ya kioo isiyo na maua, ioshe vizuri, jaza maji masafi uyaache yatulie. Nenda shambani ung'oe mche uliolala leo leo, usichukue uliokwisha kauka. Kata shina pale chini karibu na ardhi kwa kisu kikali, kipande cha urefu wa kidole kinatosha. Ukitazama kwenye mkato mara nyingi utaona rangi ya kahawia imezunguka ndani ya shina. Sasa kifunge uzi hicho kipande, kining'inize ncha yake ya chini iguse maji tu, usikitikise, ukae utazame. Kama ni mnyauko wa bakteria, ndani ya dakika 3 mpaka 5 utaona nyuzi nyembamba nyeupe zinashuka polepole kutoka kwenye mkato kwenda chini ya glasi, na ukikiacha zaidi maji yote yanageuka meupe. Zile nyuzi ndo bakteria wenyewe, mamilioni kwa mamilioni, wamejaa kwenye mishipa inayopandisha maji mpaka maji hayapiti. Ndo maana mche unakufa na kiu wakati umeumwagilia asubuhi.

Usipoona nyuzi, ng'oa mche mwingine uangalie mizizi. Ikiwa na vinundu vinundu hiyo ni minyoo fundo. Na kama majani ya chini yalianza kuwa ya manjano, mara nyingi upande mmoja kwanza, fikiria mnyauko wa fuzari ambao unaletwa na ukungu, sio bakteria. Kila mmoja hapo ana njia yake.

Ila kwa ulivyonieleza, kulala mchana na kuamka jioni na kufa kijani, nadhani utaziona hizo nyuzi. Bakteria huyu anaitwa Ralstonia solanacearum, Mmarekani Erwin Smith alimweleza tangu 1896 na mpaka leo anasumbua dunia nzima ya joto. Anakaa kwenye udongo miaka, anaingia kupitia vidonda vya mizizi, pale jembe lilipokwaruza au minyoo ilipouma, na anasafiri kwa maji ya umwagiliaji, kwa miguu yetu na kwa majembe. Sasa wewe mwenyewe ona, huyu adui yuko ndani ya mishipa na chini ya ardhi, halafu unampulizia dawa juu ya jani. Iwe nano iwe nini, haimfikii. Ni kweli kuna majaribio ya chembe za nano dhidi ya Ralstonia, mengi ni ya maabara na ya kwenye vyungu, dawa inamwagwa kwenye udongo mapema kabla mche haujaugua, na mengine yameleta matokeo mazuri. Lakini mche uliokwishalala hauamki kwa chupa, mama. Anayekwambia unaamka anataka hela yako.

Fanya hivi. Miche iliyolala ing'oe na udongo wa mizizi yake, tia kwenye mfuko au ndoo, kachome au kafukie mbali na shimo liwe refu, usiitupe kwenye mtaro wala pembeni ya kisima. Maji ya tuta lililougua yasitiririke kwenda kwenye tuta zima. Jembe na kisu osha kwa jiki, sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 9 za maji, afu suuza maana jiki inakula chuma. Eneo hilo usirudishe nyanya wala bilinganya wala pilipili wala ngogwe, na tangawizi pia usiweke. Karanga nazo huyu bakteria anazishambulia, na najua kwetu huku mtu akitoa nyanya cha kwanza anachofikiria ni karanga, kwa hiyo panda mahindi au mtama misimu kadhaa.

Halafu kuna njia moja ambayo inanifurahisha kuliko chupa zote. Nyie watu wa kusini kubebesha mnakujua vizuri, mikorosho bora si ndo inavyozalishwa? Basi na nyanya inabebeshwa. Kituo cha World Vegetable Center, ambacho kina ofisi yake Arusha, kina bilinganya za shina gumu zinazoitwa EG195 na EG203, unabebesha nyanya yako juu ya shina la bilinganya hiyo, mizizi inakuwa ya bilinganya inayomvumilia Ralstonia na juu unavuna nyanya. Bilinganya yako ya kawaida usitegemee itafanya hivyo, ni hizo zilizochaguliwa. Waulize TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, hapo sio mbali na wewe, wakuelekeze namna ya kuzipata.

Bwana shamba habari za kazi. Mimi na wenzangu tuna pilipili hoho na nyanya Ng'apa, Lindi. Majani yana vidoa vidogo vyeusi vyenye maji maji, baadaye vinakauka, majani yanapukutika na matunda yanakuwa na mabaka. Tunapiga kopa kila wiki lakini kama tunapiga maji. Nano itatusaidia? Kijana wa bustani, Ng'apa

Nzuri kijana wangu, na swali lako ni zuri kwa sababu hapa ndipo hizi dawa za nano zina matumaini ya kweli. Huo unaonekana ni ugonjwa wa madoa ya bakteria, jamii ya Xanthomonas. Tofauti na yule wa Mikindani, huyu anatua kwanza juu ya jani, anakaa pale kwenye unyevu akisubiri mvua au maji ya bomba yamsukume aingie kwenye vitundu vya jani au penye mkwaruzo. Kwa hiyo ukimkuta pale juu na dawa kabla hajaingia, umemuwahi.

Kopa, yaani dawa za shaba, ni za siku nyingi, Mfaransa Millardet alitangaza mchanganyiko wa shaba na chokaa kule Bordeaux mwaka 1885 kwa ajili ya ukungu wa zabibu na dunia nzima ikafuata. Tatizo ni kwamba bakteria wamejifunza. Kule Florida, Marekani, tangu miaka ya 1980 wamegundua Xanthomonas wa pilipili na nyanya wasiojali shaba kabisa, na ukipiga dawa ile ile kila wiki mwaka nenda mwaka rudi unawaua wanyonge na kuwaachia shamba wale sugu. Siwezi kusema kwa hakika kwamba wa Ng'apa ni sugu bila kupimwa, inawezekana pia mnachelewa kupiga au mvua inaosha, ila dalili zenu zinanitia wasiwasi.

Kwa nini nano? Vunja shaba au fedha au oksidi ya zinki iwe chembe ndogo mno, chembe ya nano ni kati ya nanomita 1 na 100, wakati bakteria mwenyewe ana urefu wa nanomita elfu moja na zaidi, na unywele wa mtu unapita nanomita elfu hamsini. Kitu kikiwa kidogo hivyo sehemu yake kubwa iko nje, inagusa. Mama yako jikoni anajua, chumvi ya mawe inachelewa kuyeyuka, ya unga ukiitia tu imeshaingia kwenye mchuzi, na zote ni chumvi. Kwa hiyo dawa kidogo inafanya kazi kubwa, inanasa kwenye ngozi ya bakteria, inaitoboa, inavuruga protini zake ndani. Inampiga sehemu nyingi kwa mpigo, ndo maana kumzoea ni kugumu zaidi, ingawa sio kwamba haiwezekani. Florida huko huko watafiti wamejaribu oksidi ya zinki ya nano kwenye michungwa na wengine shaba ya nano kwenye nyanya, na sababu yao ni hii hii unayolia nayo wewe.

Sasa usikimbilie dukani. Mpaka hizo zije na lebo yake, msipite shambani asubuhi majani yakiwa na umande maana mikono na nguo zenu ndo zinambeba kutoka mche hadi mche. Mwagilieni chini kwenye shina, sio juu ya majani. Na mbegu, jamani mbegu! Huyu bakteria anasafiri kwenye mbegu. Mbegu ya nyanya mliyohifadhi wenyewe itieni kwenye maji ya moto ya nyuzi 50 kwa dakika 25, lazima muwe na kipimajoto kwa sababu yakizidi mmeua mbegu na yakipungua bakteria yuko hai, afu poozeni kwa maji ya baridi na kuanika kivulini. Kipimajoto kimoja mkichanga kikundi kizima ni hela ndogo kuliko kopa mnayomwaga kila wiki.

Shikamoo mwalimu wa shamba. Sisi ni wanafunzi wa kidato cha tano Masasi, tunataka kufanya mradi wa kutengeneza nano ya fedha kwa majani ya mwarobaini. Inawezekana? Na kwani maji ya mwarobaini yenyewe sio nano?

Marahaba wanangu, hongereni sana, nafurahi kuona vijana wa kusini wanauliza hivi. Maji ya mwarobaini yenyewe sio nano, hayo ni maji yaliyobeba kemikali za jani, na sifa yake kubwa ni kwa wadudu. Kinachofanyika ni hivi, mnachemsha majani, mnachuja, mnachanganya na silva naitreti, ambayo ni chumvi ya fedha, iliyoyeyushwa kwenye maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyosafishwa kwa mvuke. Kemikali za jani zinageuza fedha iliyoyeyuka kuwa chembe ndogo ndogo na kuzivika koti ili zisigandane. Mtaona rangi inatoka manjano hafifu inakwenda kahawia, na hiyo rangi ndo ishara ya kwanza kwamba chembe zimezaliwa. Ile njia ya zamani ya kiwandani inatumia kemikali kali kufanya kazi ambayo hapa jani linaifanya, ndo maana wanaiita ya kijani.

Ila nisikilizeni hapa, maana hata tafiti za watu wazima zinateleza hapa. Silva naitreti peke yake inaua bakteria. Kwa hiyo mkiweka nano yenu kwenye sahani ya bakteria mkaona duara limesafika, mtajuaje ni nano na sio mabaki ya silva naitreti? Sahani iwe na vidoa vinne, kimoja nano yenu, kimoja maji ya mwarobaini matupu, kimoja silva naitreti tupu kwa kipimo kile kile, na kimoja maji safi. Mkilinganisha hivyo mtu hawezi kuwapinga. Fanyeni chini ya mwalimu wa kemia na wa baiolojia, vaeni glovu na miwani, ile kitu inaacha madoa meusi kwenye ngozi na jicho likiguswa ni hatari. Na mabaki msimwage kwenye sinki.

Habari bwana shamba, mimi nachuuza kamba Kilwa Kivinje. Maganda na vichwa tunatupa, yananuka kweli. Nimesikia maganda ya kamba yanatoa dawa ya mimea, ni kweli au porojo? Mchuuzi, Kilwa

Kweli kabisa kaka, na hili mi ndo linanipa moyo kuliko mengine yote. Ganda la kamba na la kaa lina kitu kinaitwa kitini, Mfaransa Henri Braconnot alikigundua 1811, tena kwenye uyoga. Ukikipika na kostiki soda kali kinageuka kitosani. Kitosani kikiwa kwenye asidi nyepesi kama siki kinayeyuka na kinakuwa na chaji chanya, ngozi ya bakteria ina chaji hasi, vinavutana, ngozi inapasuka na vilivyomo vinavuja. Afu kitosani kina kazi ya pili, mmea ukikionja unadhani umeshavamiwa na ukungu, unaamsha kinga zake mapema. Watafiti wanakitengeneza chembe za nano na wakati mwingine wanapakia ndani yake mafuta ya karafuu au shaba kidogo ili itoke polepole juu ya jani. Umoja wa Ulaya uliruhusu aina moja ya kitosani kwa kilimo tangu 2014, kwa hiyo sio porojo.

Lakini usijaribu nyumbani. Kutoa chokaa kwenye ganda kunahitaji asidi ya haidrokloriki, kutoa protini kunahitaji kostiki soda ya kiwandani, na hatua ya mwisho ni kostiki soda hiyo hiyo ikiwa kali karibu nusu kwa nusu na maji, inachemka. Tone moja likikurukia machoni basi. Hiyo ni kazi ya kiwanda kidogo chenye watu waliosomea, na natamani sana mtu mwenye mtaji akione hiki kitu Kilwa au Lindi mjini, maana malighafi iko ufukweni inanuka bure.

Wewe kwa leo osha maganda yatoke chumvi, anika mpaka yakauke kau, twanga, changanya kwenye mboji. Udongo ukipata kitini, vijidudu vyema vinavyokula kitini vinaongezeka, na hivyo hivyo vinakula maganda ya mayai ya minyoo fundo na kuta za ukungu. Waulize wenye bustani watakununulia.

Mjomba, ufuta wangu Ruangwa majani yana madoa ya kahawia yenye kona kona, mengine meusi, na vikonyo vinakauka. Nipige nano? Mkulima wa ufuta

Mjomba, ufuta una bakteria wake wawili wanaojulikana, mmoja jamii ya Xanthomonas mwingine Pseudomonas, wote wanakuja na mbegu. Kwa ekari za ufuta na bei ya dawa, hata kama nano ingekuwepo dukani hesabu ingekukataa. Nguvu zako ziweke kwenye mbegu: usihifadhi mbegu kutoka shamba lenye madoa hata kama umezaa vizuri, tafuta mbegu safi zilizotoka Naliendele kama Lindi 02, Mtwara 09 au Ziada 94, na mabua ya shamba lililougua yasibaki. Shamba hilo msimu ujao weka mahindi. Dawa za nano kwa ufuta nadhani zitakuja kwa njia ya kupaka mbegu kabla ya kupanda, ambako kiasi kidogo kinatosha shamba kubwa, na hilo ndo eneo ningependa watafiti wetu walikazanie.

Bwana shamba, salfa tunayopulizia mikorosho Tandahimba haiui na bakteria? Na haya mafuta ya ganda la korosho yanayochubua mikono ya mama zetu, si yangeua bakteria kirahisi tu?

Salfa mnayopuliza ni kwa ajili ya ubwiri unga, na ubwiri unga ni ukungu. Usiipulize kwenye bustani ya nyanya ukitegemea imtoe Ralstonia, hatoki.

Swali la pili limenigusa, maana mikono ya akina mama wanaobangua korosho tunaiona, ile ngozi iliyoungua na kuwa nyeusi. Kinachounguza ni asidi ya anakadi na ndugu zake waliomo kwenye mafuta ya ganda, na ni kweli ina nguvu dhidi ya bakteria. Ila ina nguvu zaidi kwa bakteria wasio na ukuta wa ziada wa nje, kama baadhi ya wale wa meno na vidonda vya binadamu. Bakteria wengi wa mimea wanao huo ukuta wa nje, unazuia mafuta yasiingie. Hapo ndo wazo la nano linaingia, kuyavunja mafuta yawe matone madogo mno au kuyatumia kuzivika koti chembe za metali. Wakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameyafanyia kazi haya mafuta miaka mingi. Wewe usiyapake kwenye mmea, yataunguza majani kabla ya bakteria. Na akina mama wapate glovu, hilo halihitaji utafiti.

Muhogo wangu Newala una batobato na ndani mizizi ina michirizi ya kahawia. Nano?

Hapana. Hao ni virusi, sio bakteria, na michirizi kahawia imeelezwa na mtafiti Storey hapa hapa Tanganyika tangu 1936. Hakuna cha kupulizia kitakachomtoa kirusi ndani ya muhogo. Ng'oa yenye dalili, chukua pingili kutoka shamba safi, tafuta aina inayovumilia michirizi kama Kiroba.

Mpunga Kitere, majani yanakauka kuanzia ncha na kingo, yanakuwa ya manjano yenye mawimbi. Jirani anasema ni kiu.

Shamba likiwa na maji haliwezi kuwa kiu. Kata jani, zamisha mkato kwenye glasi ya maji kama nilivyomweleza mama wa Mikindani, ukiona ute mweupe unatoka ni bakteria wa mpunga, Xanthomonas oryzae. Punguza yuria, mpunga uliolishwa yuria kupita kiasi anaupenda sana, na usiruhusu maji ya jaruba lililougua yaende kwa jirani.

Bwana shamba shikamoo. Muuzaji kasema dawa yake ya nano ya fedha ni ya asili kabisa, hata mtu anaweza kunywa, na haina siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Nina watoto wadogo, naogopa. Dada wa Mingoyo

Marahaba dada, na umefanya vizuri kuogopa. Usinywe na usimpe mtoto. Fedha ikiingia mwilini kidogo kidogo inajikusanya kwenye ngozi, mtu anageuka rangi ya kijivu ya bluu, na hiyo rangi haitoki tena maisha. Jani la mwarobaini lililotumika kuitengeneza halibadilishi hilo, fedha ni fedha.

Pia haichagui bakteria mbaya na mzuri. Kunde, choroko na mbaazi zetu zina vinundu kwenye mizizi vyenye bakteria wanaotengeneza mbolea bure, na fedha ikijaa kwenye udongo inawaumiza na hao. Ikiingia mtoni samaki na vijidudu vya maji ni wepesi kuathirika. Ndo maana mi moyo wangu uko zaidi kwa kitosani na mafuta ya mimea ambayo udongo unaweza kuvila ukavimaliza, kuliko kwa fedha. Na hata hizo mtu avae barakoa anapopuliza, matone madogo yanakwenda mbali kwenye mapafu.

Mimi nina duka la pembejeo Nachingwea. Wananiletea hizi chupa nikae nazo, nitajuaje halali na isiyo halali?

Asante ndugu yangu kwa kuuliza, maana mkulima anakuamini wewe kuliko anavyonisoma mimi. Kiuatilifu chochote lazima kisajiliwe na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya 2020, makao yake Arusha. Neno "asili" au "nano" halimsamehi mtu usajili. Geuza chupa: namba ya usajili iko wapi, kiambato amilifu ni nini na kwa kiasi gani, ni kwa zao gani na ugonjwa gani, tarehe ya kutengenezwa na ya kwisha, siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na maelezo ya Kiswahili. Ukikuta imeandikwa inatibu bakteria, ukungu, virusi na wadudu wote kwa pamoja, hiyo rudisha hapo hapo. Namba ukiiona bado iulizie TPHPA uhakikishe ni ya hiyo dawa na sio ya nyingine, maana namba inaweza kunakiliwa. Na anayekuletea akikataa kukuachia risiti yenye jina na anwani yake, usipokee mzigo.